Sura ya Tano: Jalada Halionekani

Katika ofisi nyingi za umma nchini Tanzania, hasa zile za wilaya zilizo mbali na miji mikuu, masjala hupewa chumba ambacho hakuna mkuu wa idara aliyekitaka: chumba cha mwisho wa baraza, chenye dirisha moja lililozibwa nusu na kabati, na rafu za mbao zilizopinda kwa uzito wa majalada, na juu ya rafu hizo mafungu ya karatasi yaliyofungwa kwa kamba ya katani, yakipanda mpaka karibu na dari kwa sababu sakafuni hapana tena nafasi. Humo huketi mtunza kumbukumbu, ambaye wazee wetu walimwita karani wa masjala, na mbele ya dirisha lake dogo la kuhudumia husimama watu wenye haja. Sura hii naiandika kwa ajili ya huyo aketiye ndani, ambaye ametwikwa amana kubwa na kupewa zana haba. Lakini insafu yanidai nianze na yule asimamaye nje, kwani ndiye alipaye gharama ya kila karatasi isiyoonekana.

Huyo wa nje aghalabu ni mwalimu au muuguzi aliyetimiza umri wa miaka 60, akastaafu kwa lazima ya sheria, na sasa anafuatilia mafao yake. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PSSSF, ambao tangu mwaka 2018 umechukua mahali pa mifuko minne iliyokuwapo kabla yake, humtaka alete barua ya ajira ya kwanza, na barua ya kuthibitishwa kazini, na barua ya kupandishwa cheo. Madai hayo ni ya haki, kwani fedha ya umma haitolewi kwa maneno matupu. Lakini barua ya kuthibitishwa kazini mtu huyu aliipokea ujanani, miaka 30 na zaidi iliyopita, katika wilaya ambayo huenda tangu hapo imekwisha gawanywa ikawa mbili. Nakala aliyokabidhiwa mwenyewe imeliwa na mchwa, au imelowa katika masika moja akiwa safarini na mizigo. Na nakala ya ofisi, ambayo ilipaswa kukaa katika jalada lake binafsi na kumfuata katika kila uhamisho, ilibaki nyuma katika uhamisho wa kwanza, likafunguliwa jalada jipya huko alikokwenda, na tena jalada jipya kwingine, hata maisha yake ya kazi yakawa vipande vitatu katika vyumba vitatu, na hakuna chumba kimoja kinachojua habari za kingine. Basi mzee hupanda basi, hulala kwa ndugu, hurudi kituo chake cha kwanza, na hapo dirishani huambiwa kwa upole kwamba jalada halionekani, aje tena wiki ijayo.

Wako waliopata mashaka makubwa kuliko hayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa reli, na wa posta, na wa bandari, na wa mashirika mengine ya nchi tatu walijikuta wakidai haki zao kwa kumbukumbu za mwajiri asiyekuwapo tena duniani, na karne mpya iliingia wakiwa bado wanadai. Mtu aweza kuhoji siasa ya jambo lile atakavyo. Mimi nalitaja kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mwajiri akisha kuondoka, ushahidi wa kazi ya mtu hubaki katika karatasi, na karatasi hubaki katika dhamana ya karani ambaye jina lake halikumbukwi.

Wala hasara haimwangukii mnyonge peke yake. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipowahakiki watumishi wake, yalionekana katika orodha za mishahara majina zaidi ya 10,000 ya watu ambao hawakuwapo kazini, wakaitwa watumishi hewa. Na mwaka uliofuata uhakiki wa vyeti ukatoa orodha ya watumishi 9,932 waliosemekana kuwa na vyeti vya kughushi. Katika mabaraza ya mazungumzo palisemwa sana juu ya wizi, na wizi ulikuwapo. Palisemwa kidogo mno juu ya njia ambayo wizi hupitia. Mtumishi akifariki au akiacha kazi, habari yake huandikwa katika barua, na barua hiyo ikilala miezi sita katika sinia la mezani kwa kuwa hakuna aliyeitia katika jalada, basi mwandishi wa mishahara hana habari, na jina huendelea kulipwa. Anayetaka kuiba hahitaji hila kubwa mahali kama hapo, yamtosha kunyamaza.

Sasa niieleze njia ya barua, kwa kuwa wengi wanaoilaumu masjala hawajapata kuiona ikifanya kazi. Barua ikiingia hupigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa, kisha huandikwa katika daftari la barua zinazoingia: siku iliyofika, namba yake ya kumbukumbu, siku iliyoandikwa, imetoka kwa nani, yahusu jambo gani, na itatiwa katika jalada lipi. Hutiwa katika jalada hilo kwa mfuatano wa tarehe, ikapewa namba ya folio pembeni juu, kwa wino mwekundu ili isichanganyike na namba nyingine. Na upande wa pili wa jalada, katika karatasi ya madokezo, karani humwandikia afisa kwamba folio namba fulani yahusika. Afisa husoma, huandika dokezo lake, hutia sahihi na tarehe, hulipeleka kwa mwenziwe au hulirudisha. Jibu likiandikwa, nakala yake nayo hupewa folio. Jalada lililotunzwa hivi hujisimulia lenyewe toka mwanzo hata mwisho: nani aliuliza, nani alishauri, nani aliamua, na siku gani. Nimepata kusoma majalada ya namna hiyo yaliyofungwa kabla sijazaliwa, nikaelewa shauri zima bila ya kumwuliza mtu, na sikumbuki kazi nyingine ya ofisi iliyonitia heshima kwa waja waliotangulia kama hiyo.

Utaratibu huu hauhitaji mtambo. Wahitaji daftari, kalamu mbili, muhuri, majalada yenye gamba gumu, na mtu mwenye subira. Ajabu ni kwamba hata vitu hivyo huwa adimu. Fungu la matumizi mengineyo likipunguzwa, na hupunguzwa kila mwaka, cha kwanza kukatwa ni shajala za masjala, kwa sababu hakuna mkutano utakaoahirishwa kwa kukosa magamba ya majalada, wala gari litakalosimama. Karani hukata maboksi ya karatasi za kuchapia akayafanya magamba; hutoboa kwa msumari pale mashine ya kutobolea ilipovunjika; hununua kalamu nyekundu kwa fedha yake. Mambo hayo nimeyaona, na sipendi tuyasifu kupita kiasi, maana kila tunaposifu werevu wa aliyenyimwa twampa nafuu aliyemnyima. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeuweka wajibu wa kutunza kumbukumbu juu ya mkuu wa ofisi. Karani ni mkono wa mkuu huyo, na mkono hauwezi kuulizwa kwa nini haukununuliwa kabati.

Hata hivyo kasoro iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa mgeni, kwa kuwa imefunikwa na sifa. Katika kila masjala isiyo na faharasa hutokea mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, ambaye hujua kila kitu kilipo. Ukimtajia jina la shule, hukwambia bila kufunua daftari kwamba jalada lake liko rafu ya tatu, nyuma ya majalada ya afya, kwa kuwa lilihamishwa pale paa lilipovuja. Wakuu humsifu mbele ya wageni, na humnyima likizo, kwa sababu akiondoka kazi husimama. Nimefanya kazi na watu wa namna hii, na heshima yangu kwao haina mpaka; walakini nasema kwa yakini kwamba ofisi iliyofika hapo imo hatarini, na mtu huyo amedhulumiwa. Amedhulumiwa kwa kuwa yeye mwenyewe amegeuzwa zana ambayo ofisi ilipaswa kuwa nayo. Ofisi imo hatarini kwa kuwa zana hiyo huugua, huhamishwa, hustaafu, na siku moja hufa. Madhali elimu ya mahali pa majalada imo kichwani mwa mmoja, hapo hapana masjala, bali pana ghala la karatasi na mlinzi mwenye kumbukumbu nzuri.

Wala si jambo geni katika pwani yetu kwa mwenye mamlaka kukosa daftari zake mwenyewe. Katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, toka miaka ya 1830, ushuru wa forodha ya Unguja ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi: mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa watu wake na kuuandika katika daftari zake. Utaratibu ule ulikuwa na manufaa yake, na mabwana wale wa forodha walikuwa watu hodari wa hesabu kuliko wengi. Lakini habari za bidhaa zilizoingia na kutoka, pembe na karafuu na nguo, zilikaa katika vitabu visivyokuwa mali ya dola, na dola ilijua ile kodi tu iliyotiwa mkononi mwake. Kila nionapo orodha ya walimu wa wilaya nzima ikiwa katika kompyuta ya mtu binafsi, au maamuzi ya kikao yakiwa katika simu ya mjumbe mmoja wala hayamo katika jalada, huikumbuka forodha ile. Na pale tofauti ilikuwapo, kwamba palikuwa na mkataba.

Basi mtunza kumbukumbu aliyekuta masjala ya namna hiyo na afanye nini, naye hana fedha wala amri? Na aanze na faharasa, na asingoje chombo bora. Kaunta buku moja kubwa yatosha kwa mwanzo. Sehemu ya kwanza ya buku iwe ya namba, kila jalada na namba yake, na jina lake, na tarehe lilipofunguliwa, na rafu lilipo. Sehemu ya pili iwe ya majina kwa mfuatano wa alfabeti, yenye kurudisha msomaji kwenye namba. Yule ajuaye yote akiwa bado yupo kazini, karani kijana na aketi naye kila siku kabla ya kazi kushika kasi, waandike majalada machache, rafu baada ya rafu, wasiruke hata lile lililochakaa. Kazi hii huchosha na haionekani. Mkuu apitaye huona watu wawili wameketi na daftari akadhani wamekosa shughuli. Yafaa aelezwe mapema, kwa dokezo lenye tarehe, akubali kwa sahihi yake.

La pili ni mwendo wa jalada. Majalada yasiyoonekana, kwa ninavyoamini, mengi yao yamo ndani ya jengo lile lile, yamechukuliwa jioni na afisa mwenyewe, akampa mwenziwe, na mwenziwe akaenda semina na kufunga mlango. Kila jalada litokapo, mahali pake rafuni pawekwe kipande cha karatasi ngumu chenye namba yake, jina la aliyelichukua, na tarehe. Na afisa atakaye kumpelekea mwingine aiarifu masjala, hata kwa kikaratasi. Watakaokaidi zaidi ni wakubwa. Sijui dawa ya hilo ila moja, kwamba kila Ijumaa karani apite ofisi kwa ofisi na orodha mkononi, kwa adabu, akiuliza: Shikamoo mzee, jalada namba hii bado mnalihitaji? Kwa adabu hiyo hiyo arudi Ijumaa ifuatayo. Mkubwa aliyeulizwa mara nyingi kwa heshima hurudisha jalada ili apumzike na swali.

Nilitaka kupita haraka juu ya jalada la muda, lakini madhara yake hayaniruhusu. Jalada lisipoonekana na jambo likawa la haraka, desturi huruhusu kufungua la muda. Siku lile la asili litakapopatikana, folio za la muda huhamishiwa humo na la muda likafungwa. Sehemu ya kwanza ya desturi hii hufuatwa na kila mtu. Sehemu ya pili husahauliwa, na hapo shauri moja huwa na majalada mawili, kila moja likiwa na nusu ya ukweli, na maafisa wawili waaminifu hutoa maamuzi mawili yenye kupingana, kila mmoja akiwa na ushahidi wa maandishi. Migogoro ya viwanja mingi hupata nguvu zake hapo. Majalada ya muda yaandikwe katika ukurasa wao wenyewe wa daftari, na ukurasa huo usomwe kila mwisho wa mwezi.

Juu ya hifadhi ya karatasi zenyewe nina maneno machache, nayo yatoka pwani, mahali ambapo hewa ya chumvi na unyevu hufanya kazi usiku na mchana. Pini za chuma hushika kutu, na kutu hula karatasi mpaka ikatoboka; barua zishikwe kwa kamba za majalada zenye ncha mbili, na pini zilizomo zing'olewe. Rafu zisiegemee ukuta, ziachiwe nafasi ya kiganja hewa ipite, na ya chini kabisa iinuliwe kutoka sakafuni, kwa maana mchwa hupanda kwa njia ya ukuta na sakafu, na maji ya mvua huingia kwa mlango kabla hayajaingia kwa paa. Chakula kisiliwe humo, kwa ajili ya panya. Tena karatasi za zamani zisichomwe kwa kutaka nafasi: sheria ile ya mwaka 2002 haimpi karani wala mkuu wake ruhusa ya kuteketeza kumbukumbu kwa hiari yao, bila ya idhini ya wenye mamlaka ya nyaraka. Nafasi ipatikane kwa kuyatoa majalada yaliyofungwa na kuyahamishia chumba kingine, yakiwa na orodha yake.

Hali ngumu kupita zote iko kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, humpa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo ili iwe na maana yahitaji masjala ya ardhi ya kijiji, yaani chumba salama chenye daftari ambamo nakala hukaa. Vijiji vyenye chumba kama hicho vipo, na vingine vilisaidiwa na MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge ulioanzishwa mwaka 2004. Lakini mtendaji wa kijiji asiye na ofisi ila meza moja chini ya bati huweka daftari katika sanduku la nguo nyumbani kwake, na huondoka nalo au huliacha kwa mkewe ahamishwapo. Kipande cha shamba kilichorithiwa kwa vizazi vitatu hutegemea sanduku hilo. Nikisikia watu wakiidhania masjala kuwa jambo la wapenda karatasi, hutamani wafike kijijini siku ndugu wawili wanapogombania mpaka, na mtendaji mpya anasema kwamba daftari hakukabidhiwa.

Watu waniulizao juu ya kompyuta hudhani nitaipinga. Hasha. Mfumo wa Ofisi Mtandao, ambao barua hupita ndani yake kutoka meza hadi meza na kila hatua ikajiandika, huondoa mara moja udhia wa jalada lililofichama katika droo ya afisa, nami nautakia heri na kuenea. Ninachokikataa ni imani kwamba chombo kitaleta nidhamu ambayo mtu hakuwa nayo. Ofisi isiyoandika barua katika daftari huziacha pia katika kompyuta bila majina, na ukizitafuta huona mafaili kumi yaitwayo barua mpya, na barua mpya ya mwisho, na ya mwisho kabisa. Tena umeme hukatika, flashi hushika virusi, na afisa aliyetumia anwani yake binafsi ya barua pepe huondoka na mawasiliano ya miaka. Pale mfumo rasmi haujafika, nakala iliyochapwa na kutiwa folio bado ndiyo ngome. Pale ulipofika, faharasa iliyoandikwa vema kwa mkono huingizwa ndani yake kwa siku chache, na masjala isiyokuwa nayo huingiza machafuko yake yote.

Kazi hii nayo yastahili watu wake. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926 akiwa karani, na sehemu kubwa ya umri wake aliitumia katika ofisi za serikali huku akiandika vitabu tuvisomavyo leo. Enzi hiyo kijana aliyepewa daftari la ofisi alijua amepewa heshima. Leo kipo Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho tawi lake la Tabora, mahali palipokuwa chuo cha uhazili, limefundisha watunza kumbukumbu wengi. Elimu basi ipo. Na iachwe desturi ya kumpeleka masjala mtumishi aliyekosana na mkuu wake, kana kwamba chumba kile ni adhabu, kwa kuwa mtu aliyeadhibiwa kwa kupewa amana hataitunza.

Limebaki jambo la makabidhiano, nalo ndilo aghalabu hufanywa ovyo, kwa kutupiana funguo na kuagana. Mtunza kumbukumbu aondokapo, kwa uhamisho au kwa kustaafu, iandikwe hati yenye kutaja faharasa na madaftari yote, majalada yaliyo nje na yako kwa nani, majalada ya muda ambayo hayajaunganishwa, barua zilizopokelewa zisizotiwa jaladani bado, funguo za kila kabati, na nywila za kompyuta katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Atokaye na aingiaye wapite pamoja rafu kwa rafu, siku mbili au tatu, na pale jalada lililoandikwa lisipokutwa, liandikwe hivyo hivyo bila ya kuoneana haya. Hati itiwe sahihi na hao wawili na mkuu wa ofisi akiwa shahidi, nakala moja abaki nayo aondokaye, na ya pili itiwe katika jalada la masjala yenyewe, ikapewe namba ya folio siku hiyo hiyo, kabla basi la mwenzetu halijaondoka.